Mukono Juu ya Karanga

Siku moja ninaikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu unayeyaandika maneno yangu, na haikuwa siku ya ndoa wala ya kilio. Ilikuwa siku ya soko, pale Kashikishi, karibu na Nchelenge, na mimi nilikuwa nimemushika muchawi kwa macho yangu mawili. Ndivyo nilivyoamini.

Nilikuwa nauza chisense, vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru vinavyoanikwa juu ya muchanga mpaka vinang'aa kama sindano. Tulikuwa tumetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kilwa ya kwetu, si ile ya baharini, miaka ile nchi yetu ilipoitwa Zaire. Yaya yangu Feli, yaani dada yangu mukubwa, alikuwa ameolewa huku na Mumba, muvuvi wa Kibemba, mutulivu kama jiwe. Mimi nikamufuata yaya, nikatandika mukeka wangu sokoni. Nilikuwa mutu wa kuhesabu mara mbili. Ukinipa kitu nilikihesabu mbele yako, na ukigeuka nilikihesabu tena, maana samaki anayeangaliwa hapotei.

Yaya alikuwa na mutoto mumoja, Mwansa. Meno ya maziwa yalikuwa yameota yote. Mbio alikuwa nazo, nguvu alikuwa nazo, neno hana. Ukimwita jina hakugeuka, hata ukiwa nyuma ya sikio lake. Lakini mutu akimwaga chumvi kwenye debe nyumba ya tatu, huyo amekwisha kufika. Kwa hiyo hakuwa kiziwi, nilimupima mwenyewe. Alipenda maboya ya nyavu, vile vipande vya mbao nyepesi. Alivipanga mustari juu ya muchanga, akaviangalia kwa pembe ya jicho, na ukisogeza kimoja alilia mpaka majirani wakauliza nani amekufa. Akitaka maji alikushika kifundo cha mukono, akakupeleka kwenye mutungi kama mutu anayepeleka ufunguo kwenye kufuli. Na ukimuuliza, "Mwansa, unataka maji?" alikurudishia mukia wa neno lako: "Taka maji?"

Wengine walisema anatucheka. Hata mimi nilimushuku. Mutoto anayerudisha maneno yangu vizuri hivi, nilisema, ya kwake ameyaficha wapi?

Leo madaktari wanasema otizimu, wengine usonji, na mutu anapumua kidogo akilisikia jina. Sisi wakati ule hatukuwa na jina, na nyumba isiyo na mwenyewe, shaka ndilo linaloingia kukaa humo. Kila mutu alimushuku mwenzake. Mama yake Mumba, ambaye wote tulimuita Banakulu, yaani bibi, alitushuku sisi watu wa ng'ambo.

"Mama yake anamusemesha Kiswahili, baba yake Kibemba," alisema. "Lugha mbili zimepigana mu kinywa ya mutoto, zimeuana zote."

Mimi nilikuwa nimezoea watoto wa pwani hii ya ziwa wanaokutukana kwa lugha zote mbili bila kuchoka, kwa hiyo hoja hiyo sikuinunua. Lakini Banakulu hakuwa anauza hoja. Alikuwa amesikia habari za muganga mumoja kisiwani, aliyesema kwamba chini ya ulimi wa mutoto kama huyu kuna kamba. Yeye anaikata kwa wembe, na mutoto anasema siku ileile. Muganga huyo alitaka mbuzi na kitenge kabla hata ya kuuona mudomo wenyewe. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na huyu alijitembeza mpaka kwenye misiba ya watu.

Banakulu akapanga: siku bwato la Mumba, yaani mutumbwi wake, litakapopeleka nyavu kisiwani, Mwansa naye anapanda. Feli akalia. Mumba akanyamaza, na mwanaume akinyamaza mbele ya mama yake, mwanangu, wewe iandike kuwa ni ndiyo.

Sasa nikupeleke kwa yule muchawi wangu.

Kando ya mukeka wangu alikaa mama mumoja wa Kibemba aliyeuza chumvi na karanga, na Kiswahili chetu cha ng'ambo alikijua. Watu walimuita Bana Chola, maana yake mama ya Chola. Shida ilikuwa moja: hakuna mutu sokoni aliyewahi kumuona huyo Chola. Jina la mutoto lipo, mutoto hayupo. Wengine walinong'ona kwamba alimutoa kafara kwa maji ili chumvi yake inunuliwe. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mimi nilikuwa tayari kulipokea likija.

Asubuhi ile Feli aliniachia Mwansa, akaenda kuteka maji. Nikawa nabishana na mununuzi mumoja aliyetaka nimujazie beseni kwa bei ya kikombe. Nilipogeuka, mutoto hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Bana Chola. Yule mama alikuwa amefunika sahani ya karanga kwa kiganja kimoja, na mukono wa pili ameinua karanga moja usawa wa macho yake mwenyewe. Hampi. Mutoto anavuta ile mikono, anaguna, anakasirika. Yule mama ametulia kama paka kwenye shimo la panya. Halafu midomo ya yule mama ikatikisika mara moja, akatoa ile karanga. Akafunika tena sahani. Akainua nyingine.

Damu ikanipanda. Nikasema, leo nimemukuta: ananunua sauti ya mutoto wetu kidogo kidogo, kwa karanga!

"Weye mama!" nikapiga kelele mpaka soko likageuka. "Unafanya nini na mutoto ya batu?"

"Niko nauzisha," akajibu bila kunitazama.

"Unamuuzisha nini? Mutoto hana kitu."

"Iko nacho. Munamukatazaka kukitoa." Hapo akaniangalia. "Odeta, mununuzi akisimama mbele ya chisense yako, ukishamuambia bei, unafanyaka nini?"

"Ninanyamaza."

"Juu ya nini?"

"Mwenye kusema kwanza, njo mwenye kupoteza."

"Bon. Juu ya samaki unanyamaza mpaka jua inageuka. Na huyu mutoto, unamungojaka ata pumzi moja? Akiangalia karanga, umekwisha kumupa. Akiangalia mutungi, Feli amekwisha kuchota. Nyumba nzima inamununulia, nyumba nzima inamuuzishia. Yeye aseme na nani? Juu ya kitu gani?"

Wanawake wa jirani wakacheka, na mimi nikaona aibu kidogo, lakini sikulegea. Maneno matamu ndiyo yanayouza samaki waliooza. Hilo nililijua kwa sababu niliwahi kuyasema. Nikamutupia swali ambalo soko zima liliogopa kulitupa.

"Na Chola iko wapi?"

Bana Chola akafunga kinywa cha gunia lake la chumvi, polepole, akakaza kamba.

"Unataka kuona mali mbele ya kununua?"

"Ninataka."

"Basi kesho tutatembea mpaka kijiji ya Kabuta."

Tukatembea, mwanangu, kando ya maji, tukipishana na baiskeli zilizobeba samaki kwenda bara, na mimi njia yote nilimuacha atangulie, maana hata wakati ule sikuwa mutu wa kumupa muchawi mugongo. Mwisho wa nyumba za Kabuta, mbali na makelele, palikuwa na nyavu zimetandazwa juu ya nguzo, na chini yake mwanaume muzima, mwenye ndevu, anashona wavu. Hakugeuka. Nikaangalia maboya kwenye ule wavu: yamekaa kwa umbali uleule, kama yamepimwa na mutu wa serikali.

Bana Chola hakumusalimu. Alikaa mbele yake, akaweka pakiti ya chumvi juu ya mapaja, akangoja. Nikataka kufungua mudomo niseme jambo, hata la hali ya hewa, akanifinya paja. Tukakaa. Sindano ya wavu ikaingia, ikatoka. Nilikuwa karibu kusimama niende zangu.

"Leta chumvi, mama," yule mwanaume akasema, bila kuinua uso.

Akapewa palepale. Halafu macho yake yakafika kwenye kikapu changu. Kwenye kikapu, si kwangu. "Leta chisense." Nikamupa ujazo wa kiganja. Akavipanga vile visamaki juu ya mukeka kimoja kimoja, akavihesabu, akavihesabu tena. Nikasema moyoni: huyu ni ndugu yangu kabisa.

Huyo ndiye Chola. Alikuwa hakanyagi sokoni kwa sababu makelele ya soko yalimuumiza masikio, na mama yake alikuwa amechoka kumueleza kwa watu. Njia ya kurudi ndipo akaniambia lililobaki. Chola naye alipelekwa kwa wembe, alipokuwa mudogo.

"Wakakata," akasema. "Damu ikatoka, neno haikutoka. Kiisha pale akanyamaza kuliko mbele. Mutu akimukaribia na mukono, anakimbia. Kamba haikuwa chini ya ulimi, Odeta. Nilipoteza wakati mingi mbele ya kuelewa, na nilielewa sokoni, nikiwa ninamungoja mununuzi."

Basi hapo ndipo nilipoacha kumushuku yeye, nikaanza kumushuku muganga kwa nguvu zangu zote, maana shaka ni mali, haifai kuitupa, inafaa kuihamisha.

Bwato la nyavu lilikuwa bado linazibwa nyufa. Tukaanza siku ileile. Bana Chola alichagua neno moja tu: leta. "Kiswahili inaijua, Kibemba inaijua," alisema. "Hakuna bibi atakayesema hajasikia." Na alitukataza mambo. Ugali wake na samaki wake Mwansa apewe bure, ashibe, kwa sababu kufundisha kwa njaa ni kumuonea mutoto. Tunachoshika mukononi kiwe kitu anachokipenda yeye, hicho macho yake yanachokifuata, si kile tunachopenda sisi. Ukishike karibu na uso wako. Sema "leta," mara moja. Kisha funga mudomo, ungoje. Akitoa sauti yoyote inayoelekea huko, mupe papo hapo, kitu kilekile, si busu, si pipi, si makofi. Anayelia amechoka, mwache apumzike. Duka lifungwe kabla ya mununuzi kukasirika.

Feli hakuweza mwanzoni. Akimuona mwanawe ananyosha mukono, mukono wake mwenyewe ulifunguka kama wa mulevi. Mimi niliweza kungoja, ni kazi yangu, lakini nilikuwa na ugonjwa mwingine. Siku moja nikainua boya nikasema, "Haya Mwansa muzuri wa mama mudogo, sema leta boya, leta boya lako zuri nikupe ucheze." Mutoto akaziba masikio, akajificha nyuma ya gunia la chumvi.

"Umemumwagia beseni nzima," Bana Chola akasema. "Mutu ananunua kikombe, weye unamuzika na mafuriko."

Ndipo akanifundisha jambo la mbasela. Wewe unaijua mbasela, mwanangu: ukimaliza kupima, mununuzi ameshika chake, unamuongezea kidogo juu, cha bure, ili arudi kesho. Na neno ni hivyo. Mutoto akisema "leta," wewe mupe, na ukimupa ongeza moja tu juu: "Leta karanga." Siku akifika "leta karanga," ongeza tena moja. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba ni cha mutoto, na wewe huna ruhusa ya kukijaza mpaka kimwagike.

Siku neno lilipotoka, lilitoka limekatika pua. "Eta," Mwansa akasema, na Feli akaanza kuimba. Mimi sikuimba. Nilikumbuka kwamba mutoto huyu amezoea kunirudishia mikia ya maneno yangu. Nani ameniambia huu si mukia mwingine? Kwa hiyo jioni yake nikachukua boya, nikakaa kimya, sikusema chochote. Nikamugeuzia mugongo kabisa. Nikasikia hatua juu ya muchanga. Akazunguka, akaja mbele yangu, akaangalia boya.

"Eta."

Nikampa, na mwanangu, huko kugeuka kwangu tena kutazama ziwa kulikuwa kwa sababu ya moshi wa kukausha samaki. Andika hivyo.

Asubuhi bwato likawa tayari. Banakulu akashuka pwani na kitenge chake kipya, mawazo yote kwenye wembe wa muganga, amekwisha kumuahidi mbuzi wake. Mumba alikuwa ndani ya maji mpaka magoti, ameshika ukingo wa bwato, haangalii mutu.

"Mumupandishe," Banakulu akasema.

"Banakulu, mutoto amesema," nikamuambia.

"Amesema nini?"

"Amesema leta."

"Ata kasuku anasema. Mumemufundisha kasuku juu ya kunidanganya. Mi nabajua, batu ya ng'ambo."

Feli akataka kupiga magoti. Nikamushika nguo. Mununuzi mugumu huwezi kumuombea. Unamukabidhi mali, aipime.

"Usituamini," nikasema. "Nani amekuambia utuamini? Mupime weye mwenyewe. Shika boya hii, fumba mukono, usiseme kitu. Sisi wote tunaenda kule mu matete."

Alitupeleka mbali kuliko nilivyosema. Aliamuru Mumba atoke majini, naye asimame nasi, na Feli azibwe mudomo asije akatoa ishara. Halafu akakaa juu ya muchanga, boya ndani ya ngumi, maboya mengine ya mutoto amelaza kwenye mapaja, na Mwansa akasimama mbele yake.

Mutoto akamushika kifundo cha mukono, akavuta. Mukono wa Banakulu ulikuwa mugumu tangu zamani, haukufunguka. Akavuta tena. Akaguna. Akaanza kulegea magoti, na mimi nikajua kinachofuata: atajitupa chini, atapiga kelele, na bibi atasema mumeona, apande. Feli alikuwa anakivuta kiganja cha mume wake.

"Eta," Mwansa akasema.

Na Banakulu hakufungua!

Mutoto ametoa neno lake, lile moja alilo nalo, na hakulipwa. Ukifanya hivyo mara moja, duka linakufa. Nilitaka kupiga kelele: lipa, mama, lipa! Lakini nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

"Nani amekufundisha?" bibi akamuuliza.

Mwansa hakumuangalia. Aliangalia ile ngumi. Halafu akaweka kiganja chake wazi chini yake, kama alivyoona wanunuzi wakifanya mbele ya gunia la Bana Chola kila siku ya Mungu, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Eta."

Ngumi ikafunguka. Boya likaanguka kwenye kiganja. Na Banakulu, aliyekuwa ameuza mihogo maisha yake yote, mukono wake ukajiendea wenyewe kwenye mapaja, ukachukua boya la pili, ukaliweka juu ya lile la kwanza. Mbasela. Sidhani kama alijua amefanya. Mwansa akaliangalia boya la pili, kisha akamuangalia bibi yake usoni, kidogo sana, kama mutu anayechungulia dirishani huku anapita.

Mwishowe Banakulu akasimama, akakung'uta muchanga kwenye kitenge.

"Sijaamini," akasema. "Bwato iende na nyavu tu. Wembe haiozi. Kesho nitarudi kumupima tena."

Na akarudi, mwanangu. Akarudi kesho, na kesho yake, ili atukamate. Leo karanga, kesho maji, kesho muwa. Alitushuku wote, kwa hiyo hakumuruhusu mutu yeyote kumusemea mutoto. Hakumunong'oneza, hakumuharakisha, hakumumwagia maneno. Alikaa na ngumi yake imefungwa, anangoja kusikia kwa masikio yake. Bila kujua akawa mwalimu aliyetushinda wote, hata Bana Chola alikiri. Siku Mwansa alipomuambia "Leta muwa, Banakulu," alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka jua likazama, akarudi akisema kesho atapima tena.

Mwansa hakuwa mutangazaji wa redio. Ni mwanaume muzima sasa, anasema anachohitaji, Kiswahili na Kibemba ndani ya sahani moja, na zile lugha hazikuuana. Yule wa wembe alihamia kujitembeza mahali pengine.

Basi wewe uliyekaa na mutoto asiyesema, usiku hulali, muchana huongei, sikia nasaha ya mama muuza samaki. Endelea kushuku, sikukatazi. Mushuku anayekuahidi ulimi kwa siku moja. Mushuku anayetaja bei kabla ya kuona mutoto. Mushuku pia anayekuambia, hata kama amevaa koti jeupe, kwamba huyu hatafika popote. Peleka mutoto kwa wanaojua, apimwe masikio, na uwaombe wakuonyeshe kazi yao kwa macho. Lakini mutoto mwenyewe usimushuku. Hakudharau, hakufichi, hakutegi. Anangoja mutu mumoja wa kumungoja.

Shika kile anachokipenda. Sema neno moja. Nyamaza, ingawa ukimya utakuuma kuliko jino. Akisema, akionyesha kwa kidole, akichora, akisukuma mukono wako huku amekuangalia, yote hayo ni maneno. Yalipe papo hapo, na uongeze mbasela, moja tu. Mpe chakula bure, mpe mapenzi bure, hivyo haviuzwi. Na ukichoka, funga duka, ulale, kesho ufungue.

Mungu aliyelijaza ziwa hili tone kwa tone akupe mukono unaojua kufumba na unaojua wakati wa kufunguka. Akupe masikio ya kusikia "eta" na kutodai zaidi siku hiyo. Ampe mwanao neno lake, dogo au kubwa. Na ukishalipokea, ukishalihesabu mara mbili kama mimi, basi akuongezee moja juu.